Graziela Barroso, aliyeingia chuo akiwa na miaka 47

Ndugu, umeuliza kama yupo mtaalamu wa mimea wa Amerika Kusini aliyechelewa kusoma na bado akafika mbali. Yupo, tena ninamheshimu mno: Graziela Barroso wa Brazili.

Alizaliwa mwaka 1912 huko Corumbá, karibu na mpaka wa Bolivia, akaolewa na miaka 16. Elimu ya mimea alianza kufundishwa na mumewe, mtaalamu wa kilimo. Mwaka 1946 alifaulu mtihani wa ajira katika Bustani ya Mimea ya Rio de Janeiro, digrii hana. Miaka mitatu baadaye mume akafariki. Chuo kikuu aliingia na miaka 47, udaktari akaupata na 60, ilhali wenye digrii walikuwa wakijifunza kwake!

Alibobea kwenye jamii ya alizeti. Hebu chukua ua la alizeti ulichambue: unaloliita ua moja ni vijiua vingi mno vilivyobanana, na vile vya katikati ndivyo vinavyozaa mbegu, kila kimoja yake. Kuainisha mimea ya namna hiyo kunataka subira ya ajabu. Ametuachia pia juzuu tatu za uainishaji wa mimea ya maua ya Brazili. Alifariki mwaka 2003.