Chattanooga au Tulsa?

SWALI: Nafanya kazi kwa mtandao na nina kibali cha kufanya kazi Marekani. Wateja wangu wako New York. Kati ya Chattanooga, jimbo la Tennessee, na Tulsa, jimbo la Oklahoma, nihamie wapi?

JIBU: Kwa wateja hao, Chattanooga. Saa zake ni zile zile za New York. Tulsa iko nyuma kwa saa moja, hivyo kikao cha saa 3 asubuhi kitakukuta saa 2. Isitoshe, tangu 2010 kampuni ya umeme ya mji, EPB, inauza intaneti ya faiba ya gigabiti 1 kwa sekunde, na kasi ya kupakia mafaili ni sawa na ya kupakua. Ukituma video nzito, utaiona tofauti. Tennessee haikati kodi ya jimbo kwenye mapato ya kazi, ila dukani utalipa kodi ya mauzo ya 9.25%.

Oklahoma hukata. Mvuto wa Tulsa ni mpango wa Tulsa Remote, unaotoa dola 10,000 kwa wanaofanya kazi kwa mtandao wanaokubaliwa kuhamia huko. Omba ukiwa bado nje ya Oklahoma. Ukihama kwanza, umezikosa. Fedha hizo nazo zinatozwa kodi. Na kabla ya kupanga nyumba, uliza mahali pa kujikinga na kimbunga cha tornado: Aprili hadi Juni ndio msimu wake.