Mnunuzi wa Ujerumani anataka hesabu ya kuni zangu

SWALI: Mama, shikamoo. Nina kiwanda kidogo cha viungo hapa Muheza: pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu kidogo. Tuko 14, wanawake 9, na msimu ukichanganya naongeza vibarua. Mnunuzi wangu wa Ujerumani amenitumia fomu inayoitwa VSME. Anataka umeme, kuni, maji, taka, ajali na mishahara ya mwaka mzima. Mshauri mmoja anataka shilingi milioni 4 aniandikie. Mwenzangu anasema nijaze namba nzuri tu, hakuna Mzungu atakayekuja Muheza kuhesabu kuni. Hii ni sheria? Nisipojaza nitapoteza soko?
Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwako si sheria, na hata kwa wenye biashara ndogo wa huko Ulaya ni hiari. VSME ni fomu ya hiari ya biashara ndogo kueleza zinavyotumia mazingira na kuwatendea watu, yaani taarifa za uendelevu. Iliandaliwa na EFRAG, chombo kinachoishauri Kamisheni ya Ulaya kuhusu taarifa za makampuni. Ilitolewa Desemba 2024, na Julai 2025 Kamisheni ikapendekeza itumike. Chanzo chake ni usumbufu: makampuni makubwa yalipotakiwa kutoa taarifa za uendelevu, kila moja likawa linawashushia wauzaji wake wadogo maswali ya aina yake. Ikatafutwa fomu moja ya kuwatosha wote, na Kamisheni ikawasihi wakubwa wasivuke maswali hayo kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo akija mnunuzi mwingine na maswali 200, mpe taarifa hii hii kwanza.

Jaza. Mnunuzi ana uhuru wa kwenda kwa mwingine, na wewe una kitu cha kumwonyesha. Muulize anataka sehemu ipi, maana ya msingi ina vipengele 11 na ile pana inaongeza 9. Anza na ya msingi. Kisichokuhusu kiruke. Siri ya biashara unaruhusiwa kuificha, mradi useme kwamba kuna jambo umeliacha.

Milioni 4 usitoe. Vitu vinavyoulizwa viko mikononi mwako tayari. Umeme uko kwenye simu yako: kila ulipolipia LUKU uliletewa ujumbe wenye idadi ya uniti. Jumlisha za mwaka mzima, gawanya kwa 1,000, umepata megawati-saa wanazozitaka. Kwa hewa ukaa ya umeme huo tumia kiwango kilichochapishwa cha hewa ukaa kwa kila uniti ya gridi ya Tanzania, tena kipya, kwa sababu tangu 2024 bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye megawati 2,115, limeanza kuingiza umeme wa maji na hesabu za zamani hazifai. Dizeli ya jenereta iko kwenye risiti: kila lita ni takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, basi lita 600 ni kama tani 1.6. Maji soma bili.

Kuni ndizo ngumu, na hapo ndipo wengi wanabuni. Chukua mzani ule ule wa pilipili, pima mizigo 10, tafuta wastani, kisha zidisha kwa mizigo uliyoshushiwa. Andika pia zinatoka wapi. Mabanzi ya misaji kutoka viwanda vya mbao ni jambo moja, miti iliyokatwa msituni ni jambo jingine kabisa, na mtu wa Muheza anaijua tofauti hiyo kuliko mtu yeyote wa Hamburg. Fomu inauliza pia kama eneo lako liko ndani au karibu na mahali nyeti kwa viumbe hai. Usiliruke swali hilo. Hifadhi ya Amani iko wilayani kwenu. Kama kiwanja chako kiko jirani nayo, sema, na utaje ukubwa wa kiwanja kwa hekta.

Sasa ajali. Miaka iliyopita nilimjazia fomu ya namna hii fundi seremala mmoja wa Ngamiani. Kijana wake alikuwa amekatwa ncha ya kidole cha shahada na mashine ya randa. Mwenye karakana akaniomba niandike sifuri, nami nikaandika. Mgeni wa mnunuzi alipokuja, aliyemletea chai alikuwa kijana yule yule, mkono una bandeji. Mgeni hakusema neno. Alifungua fomu, akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kuuliza upya kila namba, hata zile za kweli. Nilikuwa nimekaa pale pale. Tangu siku hiyo sijaandika sifuri isiyo sifuri.

Wewe ukiwa na ajali moja, hesabu yao itakutisha. Wanachukua idadi ya ajali, wanagawanya kwa saa zote za kazi, wanazidisha kwa 200,000, ambazo ni saa za watu 100 kwa mwaka. Watu 14 wakifanya saa 45 kwa wiki 50 ni saa 31,500, hivyo ajali moja inatoa 6.3. Namba hiyo ni kubwa kwa sababu ninyi ni wachache. Iandike hivyo hivyo, na pembeni eleza: ajali moja, ilitokea vipi, mmebadilisha nini.

Vibarua wahesabu, usiwafiche. Ni wafanyakazi wa muda, na fomu ina nafasi yao. Utaulizwa pia kama wote mnalipwa angalau kima cha chini cha kisheria. Kama kuna mtu yuko chini, mpandishe kwanza ndipo ujaze.

Kama hujawahi kupima kuni hadi leo, andika hivi, neno kwa neno: "Tulianza kupima kuni mwezi huu. Kiasi cha miezi iliyotangulia ni makadirio yaliyotokana na idadi ya mizigo kwenye daftari letu." Piga picha ukurasa wa daftari, uambatanishe, utume.