Joto la kisiasa lapanda: limefika nyuzi ngapi?

SWALI: Natafsiri makala inayoeleza mpasuko wa kisiasa nchini Marekani kwa kutumia fizikia ya sumaku. Kwa sasa nimeandika "kiwango cha halijoto ya joto." Niandike joto, halijoto au jotoridi? Je, naweza kutumia "joto la kisiasa" kwa kuwa wasomaji wamelizoea? (Mwanafunzi wa fizikia)

JIBU: Andika halijoto. Jotoridi nayo si kosa, ila chagua moja usitangetange. Joto ni nishati inayohama kutoka penye moto kwenda penye baridi. Halijoto ndiyo inayosomwa kwenye kipimajoto. Ni neno "hali" la Kiarabu lililooana na "joto" letu, ndugu wa kuota katika kuota moto. Hilo limekwisha.

Swali la pili ndilo lililonipandisha mori. Uchaguzi ukikaribia, magazeti yetu huwa na kichwa kimoja tu: "Joto la kisiasa lapanda." Wagombea wakichukua fomu, lapanda. Wakizirudisha, lapanda. Mheshimiwa akihama chama, lazidi kupanda. Akirudi alikotoka, lapanda tena. Halishuki hata siku moja, wala hatuambiwi limefika nyuzi ngapi. Chuma hupoteza usumaku wake kwenye nyuzi 770 hivi za Selsiasi. Kwa hesabu za wahariri wetu, sisi tulishayeyuka zamani.

Sasa tazama makala yako. Mfano wa sumaku alioupendekeza Wilhelm Lenz mwaka 1920, na mwanafunzi wake Ernst Ising akauchapishia kazi yake mwaka 1925, una vijisumaku vingi. Kila kimoja huelekea juu au chini, kikivutwa na jirani zake. Baadaye wanafizikia kama Serge Galam wakaanza kuwasoma watu kwa hesabu za namna hiyo. Halijoto humo ni kipimo cha kutotulia. Ikiwa juu, kila mmoja hugeukageuka apendavyo na kambi hazishiki. Ikishuka, jirani humfuata jirani mpaka mtaa mzima unaelekea upande mmoja. Na ikishushwa ghafla, mtaa wa pili huweza kuganda umeelekea upande mwingine. Mpasuko uko kwenye baridi, bwana!

Mwaka 2014 Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, iliripoti kuwa asilimia 92 ya Warepublican walikuwa upande wa kulia, yaani wahafidhina zaidi, kuliko Mdemocrat wa katikati kimsimamo; mwaka 1994 walikuwa asilimia 64. Mhariri angeandika kwamba Wamarekani wamechemka. Mfano wako unasema wameganda.

Kwa hiyo ukiandika humo kwamba "joto la kisiasa likipanda jamii hugawanyika," umeipindua makala miguu juu. Gazetini nimeshasalimu amri: hasira na moto wamekaa nyumba moja katika Kiswahili tangu enzi, na sina ubavu wa kumnyang'anya mhariri kichwa chake cha habari. Ningemwomba tu akumbuke kuwa lipo pia fukuto, kwa siku zile ambazo watu wamenuna na hakuna anayesema kitu. Wewe andika "halijoto ya mfano," na neno kisiasa usilisogeze karibu nayo. Na ile "kiwango cha halijoto ya joto" iliyomo kwenye barua yako, ifute leo, kabla mhariri hajaiona akaipenda.