Jibu: Rozimari yangu inakauka na maji naipa kila siku

Habari mkuu. Nimekusoma: rozimari iko kwenye chungu, majani ya chini yanageuka kahawia na kupukutika, na ulipoona inakauka ukazidisha maji.

Anzia hapo hapo kwenye maji. Mizizi ikioza hainyonyi tena, kwa hiyo mmea unaonekana una kiu huku udongo umelowa chepechepe. Utoe wote na udongo wake uangalie. Mizizi mizima ni myeupe au kahawia hafifu, tena imekaza. Iliyooza ni nyeusi, inateleza, ukiivuta kwa vidole ganda linavuka kama soksi, na inanuka. Hiyo kata yote.

Rudishia kwenye chungu chenye matundu, udongo ukiwa na mchanga wa chengachenga karibu theluthi moja. Maji yakituama kwenye sahani ya chini, mwaga. Usimwagilie tena mpaka uchomeke kidole sentimita 3 hivi ukute pakavu. Samadi sahau kwa sasa. Jua la muda wa saa 6 au zaidi kwa siku ndilo inalolitaka.

Kama mizizi karibu yote imeoza, mimi nisingehangaika na mmea huo. Kata ncha za matawi yaliyo hai bado, sentimita 10, ondoa majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu mahali penye mwanga bila jua kali. Chomeka vipande vingi, maana vingine havishiki. Baada ya wiki kadhaa vuta taratibu: kikigoma, kimeota mizizi.