Kijana wa ndoo na visu

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nikiwa darasa la nne, kwenye kibanda cha video Mwanjelwa, niliona kijana mwenye kipara anabeba ndoo za maji, mikono kainyoosha, visu vimefungwa mikononi. Umeme ukakatika, sikuona mwisho. Nikitoka kisimani nilimuiga mpaka mabega yakawaka moto. Filamu gani ile?
Msomaji, Uyole

JIBU: Marahaba mwanangu. Visu vimenitosha: ni The 36th Chamber of Shaolin, ya Hong Kong, 1978, iliyoongozwa na Lau Kar-leung. Kijana ni Gordon Liu. Akishusha mikono, visu vinamchoma mbavuni. Mwisho ulioukosa ni huu: anabuni fimbo ya vipande vitatu, anamshinda jenerali adui wake, kisha anafungua chumba cha 36 cha mafunzo ya kung fu kuwafundisha raia wa kawaida. Itafute, uimalizie.