Kwa nini kobalti inahama na nikeli inabaki

Ndugu, umeuliza kwa nini kimiminika cha ioni (chumvi iliyo kimiminika) kinavuta kobalti na kuiacha nikeli, ilhali zote zimo kwenye asidi moja. Jibu ni kloridi. Ndani ya asidi hidrokloriki kali, tuseme moli 8 kwa lita, kobalti hujizungushia kloridi nne ikawa ioni yenye chaji hasi. Nikeli hailigusi jambo hilo. Kimiminika kama Cyphos IL 101, chenye fosfonia, yaani ioni ya fosforasi yenye chaji chanya, hutoa kloridi zake mbili na kuichukua hiyo kobalti. Unaona kwa macho kabisa: juu bluu iliyokolea ya kobalti ndani ya kimiminika cha ioni, chini kijani cha nikeli ndani ya asidi. Kuitoa kobalti tena, tikisa kimiminika hicho na maji matupu tu. Kloridi ikipungua, kobalti inaachiwa.

Kero ya kimiminika hiki ni uzito, kinatiririka kama asali, kwa hiyo hupashwa joto.

Ila usikimbilie kukipeleka Kolwezi, mji wa migodi kule Kongo, hivi hivi. Kule kobalti hutolewa kwenye mawe kwa asidi salfuriki. Bila kloridi ya kutosha hakuna chaji hasi, na njia hii haitashika kitu.