Umeuliza ndovu, nakujibu ukungu: kulala hemani Ziwa Paradise, Marsabit

Ndugu, swali lako nimelisoma mara mbili. Wataka kuja Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mwezi wa Agosti na mkeo na watoto wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa 11, mpige kambi usiku mbili kando ya Ziwa Paradise kwa hema la watu wanne mlilonunua dukani Nairobi. Umeuliza mambo matatu: ndovu, nyoka, na maji ya kunywa. Baridi hukuiuliza. Hapo ndipo nilipojua kule hujawahi kulala.

Mimi ni mtu wa Mombasa, ila riziki imenitupa Isiolo, nauza spea za magari, mwaka wa kumi na moja sasa. Ziwa Paradise nimelala mara nne. Mara ya kwanza ilitushinda: saa kumi alfajiri tulikuwa garini wote wanne, madirisha yamefungwa, injini inanguruma ili tupate joto la hita, na hema tumeliacha huko nje limelala kama kuku aliyeloa.

Tatizo ni njia yenyewe, inakudanganya. Ukitoka Isiolo unapita Archer's Post, Merille, Laisamis, Logologo, na kote huko ni jua, mchanga, ngamia na migunga iliyokauka. Shati linakushika mgongoni. Ukimwambia mtu wakati huo avae sweta atakuona mwehu. Sisi tulikuwa tumefungasha vya jangwani: mashuka ya pamba, kanda mbili, na kofia za jua. Halafu barabara inaanza kupanda, na mbele yako kunasimama mlima mweusi wenye msitu, peke yake katikati ya ukame, Jangwa la Chalbi upande mmoja na Kaisut upande mwingine. Huo mlima ni volkano ya zamani na kilele chake ni mita 1,707. Si mrefu ukiulinganisha na Mlima Kenya, lakini upepo unaotoka Bahari ya Hindi huvuka nyanda zote zile bila kizuizi hadi uugonge. Ukiugonga unapanda, ukipanda unapoa, na usiku unyevu wote uliobebwa kutoka baharini unageuka ukungu.

Sisi wa pwani twaujua huo upepo. Ni kusi. Lile kusi la Julai na Agosti linalowazuia wavuvi kutoka nje ya mwamba ndilo linalosafiri hadi Marsabit kuja kunilowesha godoro. Nilipolielewa hili niliacha kuukasirikia ule mlima.

Sasa sikia kilichotupata. Tulifika jioni, jua bado lipo, ziwa linang'aa chini ya ukingo wa shimo la volkano. Wenyeji huliita shimo kama hilo gof, na hili la Paradise ni Gof Sokorte Guda, yaani lile kubwa. Dogo lake, Sokorte Dika, unalipita mwanzo ukitoka geti la hifadhi. Mimi nikaangalia mahali pa kusimamisha hema, na mtu wa pwani akiona mti mkubwa roho yake inamtuma atandike mkeka chini yake. Nikachagua mti mkubwa kuliko yote, umejaa zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi. Kama nilikuwa na akili ningejiuliza ndevu hizo zinaishi kwa maji gani.

Saa sita usiku nikasikia tone. Likaanguka juu ya hema, to! Kimya. Halafu jingine. Baada ya robo saa yalikuwa mamia, na shemeji yangu akasema mvua imekuja. Nikatoka na kurunzi kukaza kamba. Nilipopiga hatua kama tano kutoka chini ya mti, mvua ikaisha. Nikarudi chini ya mti, mvua ipo. Nikatoka tena, haipo. Nikabaki nimesimama pale kwenye nyasi kama mjinga, namulika juu, na ndani ya mwanga wa kurunzi naona ukungu unapita taratibu kama moshi, unaingia kwenye matawi, na matawi yanauchuja yanadondosha maji. Ilikuwa inanyesha chini ya miti tu. Mimi nilikuwa nimelichagua bomba nikalala chini yake.

Na hayo ni maji ya nje. Ya ndani tulijitengenezea wenyewe. Kwa kuogopa baridi tulifunga kila dirisha la hema, kila zipu, watu wanne tunapumua humo. Kufika saa tisa ukigusa dari kwa kidole, maji yanateremka hadi kwenye kiwiko. Lilikuwa kama kifuniko cha sufuria ya wali. Mashuka ya pamba yakayanywa yote. Hatukulala tena.

Kwa hiyo hilo hema lenu la dukani, kabla ya jambo lolote, lifungueni sebuleni mlitazame. Kama lina tabaka moja tu, au kile kifuniko cha juu ni kijikofia kinachofunika kilele peke yake, halitawafaa Agosti bila msaada. Msaada wenyewe ni wa bei rahisi: turubai moja kubwa, lile la kufunikia mizigo ya lori, na kamba za kutosha. Mnalitanda juu ya hema kwa mshazari, upande wa kusi uwe chini na ule mwingine uwe juu kidogo, na kati ya turubai na hema pawe na nafasi ya kupitisha hewa. Lisigusane na hema. Pale vitambaa viwili vinapogusana ndipo maji huingia. La kutandika chini nalo likunjwe lisitokeze nje ya hema hata inchi moja, maana likitokeza linakinga maji na kuyapeleka moja kwa moja chini ya migongo yenu. Kosa hilo nililifanya safari ya pili, baada ya kujiona nimekwisha kuwa fundi.

Simamisheni hema kwenye nyasi wazi, mbali na matawi, na msishuke hadi ukingoni mwa maji ingawa watoto watalilia hapo. Baridi ya usiku hutuama chini kwenye shimo kama maji kwenye bakuli, na ndiko wanyama wanakokunywa. Halafu dirisha la juu liacheni wazi upana wa mkono. Mkeo atakataa. Mwambie nimesema mimi.

Godoro la kujaza upepo liacheni nyumbani. Linapendeza Diani, lakini mlimani hewa iliyomo inapoa na unalala juu ya barafu. Chukueni sponji nyembamba zile za kukunja, na juu yake blanketi zito. Watu hujifunika blanketi tatu na chini wametandika shuka, kisha washangae baridi inatoka wapi. Inatoka chini. Mie siku hizi natandika mbili najifunika moja, pamoja na mfuko wa kulalia. Kila mtoto awe na soksi za usiku ambazo hazikuvaliwa mchana, hata kama za mchana zaonekana kavu, na kofia ya sufi. Chupa ya maji ya moto miguuni, kifuniko kimekazwa sawasawa, ni starehe ambayo hoteli haina.

Haya, ndovu. Agosti ni kiangazi huko nyanda za chini, na ndovu wa Marsabit hushuka chini wakati wa mvua na kurudi msituni ukame ukianza. Kwa hiyo mtawakuta, au wao watawakuta nyinyi. Huu ndio msitu wa Ahmed, yule dume ambaye Mzee Kenyatta alitoa amri ya rais mwaka 1970 alindwe kwa ajili ya meno yake, akawekewa walinzi hadi alipokufa mwaka 1974. Watoto wapitisheni kwanza Makumbusho ya Taifa Nairobi wamwone sanamu yake uani. Wangu walipofika Marsabit walikuwa wanauliza kila ndovu kama ni mjukuu wa Ahmed.

Ndovu hakanyagi hema kwa kiburi. Anakanyaga kwa sababu umeliweka barabarani kwake. Safari ya pili tulikuwa tumeshapigilia vigingi vyote, askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, tuliyekuja naye akatazama, akacheka, akatuonyesha kwa fimbo: nyasi zimelala upande mmoja, udongo umekandamizwa hadi unang'aa, na huku na huku vinyesi, vingine bado vinatoa mvuke. Ile ilikuwa njia yao ya majini. Tukahama kama mita hamsini. Usiku nikaamshwa na ukimya. Vyura walinyamaza wote kwa pamoja. Halafu nikasikia pumzi, nzito, kama mtu anayefungua breki za lori taratibu, na tumbo linanguruma. Nyayo hazisikiki kabisa, hilo ndilo linalotisha. Sauti ya matawi kuvunjika ikapita upande wetu wa kushoto, palepale tulipokuwa tumesimamisha hema mwanzo, ikateremka ziwani. Hatukusema neno. Asubuhi shemeji akasema alikuwa amelala fofofo, lakini nilimsikia akisoma Ayatul Kursi.

Kwa hiyo lipieni askari, msibane matumizi hapo. Matunda yasilale ndani ya hema wala chini ya gari: si chungwa, si ndizi, si hata maganda. Yafungieni garini. Na watoto wasitoke usiku kwa haja ndogo, tafuteni ndoo yenye kifuniko iwe ndani. Mnaohitaji kuwaogopa zaidi ni nyati, hao hawana subira, na huja kulisha pale kwenye nyasi za kando ya ziwa. Jioni ukitaka kwenda mahali hata hatua ishirini, mulika kwanza.

Nyoka wapo kama walivyo kila msitu. Katika safari nne nimemwona mmoja, naye alikuwa anakimbia. Zipu ya hema iwe imefungwa chini, viatu vikung'utwe asubuhi, basi.

Wezi wa kweli ni nyani. Safari ya tatu tuligeuza mgongo dakika mbili tu, mkate mzima na pakiti ya sukari vikapanda mtini. Yule dume akaipasua pakiti kwa jino akawa anatutazama huku anajilamba vidole, na sisi chai tukanywa mkandaa bila sukari.

Maji bebeni yote. Kambi ya ziwani haina bomba wala choo, ni uwanja wa nyasi tu, ndiyo raha yake. Sisi watu wanne kwa usiku mbili twabeba lita 60, na hurudi na kidogo. Yajazeni Isiolo. Mji wa Marsabit una shida ya maji miaka yote, watu wananunua kwa jerikeni, si vizuri kwenda kuwaongezea foleni. Ya ziwa msiyaguse hata kwa kuchemsha. Tena ziwa lenyewe hutegemea mvua, na ukame ukiwa mkali hunywea likabaki matope na majani. Ulizeni hali yake kabla ya kuondoka, msije mkawa mmewaahidi watoto ziwa mkawaonyesha malisho.

Kupika tumieni jiko la gesi la mtungi mdogo. Kuni za kule zinatoa machozi kuliko moto. Sisi maharagwe huchemshwa nyumbani, chapati huchomwa nyumbani, kule ni kupasha na kuchemsha chai ya tangawizi.

Barabara siku hizi ni lami hadi Moyale, ile habari ya kulala njiani na kwenda kwa msafara wa polisi ni ya wazee wa kale kama mie. Ndani ya hifadhi ndiko kwenye kazi. Udongo ule ukiloa unashika tairi kama unga wa chapati, na gari lisilo na nguvu magurudumu yote manne litawalaza mahali msipopachagua. Malipo ya kuingia ni kwa simu kupitia eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, malizeni mkiwa mjini penye mtandao.

Utaniuliza, kama ni mateso hivi, mara nne za nini? Subirini hadi saa nne asubuhi. Mkiamka hakuna ziwa, hakuna miti, mpo ndani ya pamba. Mnasikia ndege wa majini lakini hamuwaoni. Halafu ukungu unaanza kunyanyuka kutoka chini, si juu: kwanza maji, kisha miguu ya nyati, kisha nyati wenyewe, kisha ukuta wa msitu upande wa pili, kipande kwa kipande. Wale Wamarekani Martin na Osa Johnson waliokuja na kamera zao mwaka 1924 wakakaa hapo hadi 1927, nilikuwa nikidhani walikwama kwa barabara mbovu.

Turubai langu lipo dukani, la kijani, lina kiraka kimoja. Mkipita Isiolo kabla ya adhuhuri mtalichukua, mlirudishe mkishuka. Likausheni kwanza kabla ya kulikunja, tafadhali. Aliyeliazima mwisho alilirudisha likiwa na uyoga.